Kanda za Baba na Bei ya Mnadani

Mwezi uliopita tulikutana Mazingara, nyumbani kwa marehemu baba, kugawana vitu vilivyosalia. Suala la mashamba lilikwisha kuzungumzwa siku ya arobaini, na kwa bahati njema halikuleta ugomvi. Ugomvi, ndugu msomaji, uliletwa na sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na kanda 14 za video, nyingi zikiwa za filamu za katuni.

Mpwa wangu, anayesoma chuo Dar es Salaam, alizichambua usiku kucha akiwa na simu mkononi. Asubuhi alinijia akiwa amechangamka. "Shikamoo mjomba. Hizi kanda ni mali. Kuna watu Marekani wanauza moja kama hii kwa dola 5,000." Shangazi aliuliza hizo ni shilingi ngapi. Alipojibiwa, akavuta kigoda na kukaa. Tangu saa ile hakuna aliyetaka kanda zitupwe, na kila mmoja alikumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa kipenzi cha marehemu.

Kazi ya kuzithamini nilipewa mimi, kwa kuwa ndiye "daktari" wa ukoo. Shahada yangu ya uzamivu haina uhusiano wowote na kanda za video, lakini kijijini daktari ni daktari.

Nianze na jambo ambalo kijana hakulitazama. Bei inayoombwa si bei iliyolipwa. Mtu yeyote anaweza kuandika dola 5,000 kwenye tangazo, kama vile muuza machungwa wa stendi ya Korogwe anavyoweza kutaja bei yoyote basi linaposimama. Mnunuzi ndiye anayeamua. Kanda zilizompandisha kijana presha ni zile za kampuni ya Disney zilizouzwa Marekani kati ya mwaka 1984 na 1994, zenye alama ya almasi nyeusi mgongoni mwa kasha. Ukitazama mauzo yaliyokamilika badala ya matangazo, nyingi huuzwa kwa dola chache tu. Sababu haihitaji uchumi wa chuo kikuu: zilitengenezwa kwa mamilioni. Filamu ya *The Lion King* peke yake, ilipotolewa kwa kanda mwaka 1995, iliuza zaidi ya nakala milioni 30. Kitu kilichomo katika kila nyumba hakiwezi kuwa adimu.

Ni kweli kwamba ziko kanda zilizouzwa kwa fedha nyingi. Mwaka 2022 nyumba ya mnada ya Heritage iliuza kanda ya *Back to the Future* kwa dola 75,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 150. Hiyo si katuni, lakini sifa yake inatufundisha jinsi soko hili linavyofikiri. Kanda ile ilikuwa bado imefungwa katika karatasi yake ya plastiki tangu itoke kiwandani, na iliwahi kuwa mali ya mmoja wa waigizaji wa filamu hiyo. Hapakuwa na mtu aliyeitazama. Soko la wakusanyaji hulipa zaidi kwa kanda ambayo haikufanya kazi iliyotengenezewa.

Sasa turudi kwenye sanduku letu. Kanda za baba ziliingia nyumbani kupitia baba mkubwa, baharia, aliyezinunua kila meli ilipotia nanga, nyingine Dubai, nyingine Uingereza, moja Marekani. Runinga tuliiwasha kwa jenereta, na mafuta yalichangwa na watazamaji. Watoto wa jirani walilipa kwa kuni au kwa mahindi. Huku bara vituo vya runinga vilianza mwaka 1994, lakini kwetu mawimbi yalifika yakiwa yamechoka, hivyo deki ndiyo iliyokuwa mfalme. Katika vibanda vya mijini kulikuwa na kanda zenye sauti ya msimulizi Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, akizieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kwetu msimulizi alikuwa baba mwenyewe, amesimama kando ya runinga na fimbo ya kufundishia, akitafsiri na mara nyingine akibuni. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na majina ya wanyama wale yalimkera. Alichukia zaidi alipopata habari kwamba kampuni ile ilikuwa imesajili "hakuna matata" kama alama yake ya biashara Marekani mwaka 2003. "Wamesajili mdomo wangu," alisema.

Ile kanda moja ya Marekani, *Dumbo*, ina almasi nyeusi kabisa. Ndiyo aliyoishika mpwa wangu. Ni safi, kasha lake halijapasuka, na nitawaambia kwa nini. Mfumo wa picha wa Marekani ulikuwa tofauti na wetu, nasi hatukujua. Deki yetu ilipoicheza, picha ilipandapanda bila rangi, tukaitazama mara mbili tukachoka. Kwa miaka mingi niliamini kwamba *Dumbo* ni filamu ya weusi na weupe. Kwa hiyo kanda iliyo bora kwa vigezo vya mnada ni ile iliyotukataa.

Ile ya simba ni kinyume chake. Kasha limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kijipande cha plastiki cha ubavuni kinachoruhusu kurekodi juu ya kanda hakipo, na tundu lake limezibwa kwa selotepu. Juu yake mna mwandiko wa baba kwa kalamu nyekundu: SIMBA + BIBI. USIFUTE.

Mwaka 1998 baba mkubwa alirudi na kamera kubwa ya begani, ile inayomeza kanda nzima, lakini kanda tupu hakuwa nayo. Baba akatoa ya simba. Nusu saa ya kwanza ni filamu, kisha picha inakatika na bibi yetu anaonekana uani, anapukuchua mahindi na kusimulia hadithi za sungura na fisi kwa Kizigua cha zamani, chenye maneno ambayo hata shangazi leo anayakisia. Mwisho wa filamu niliujua nikiwa chuo kikuu.

Nakiri kwamba lugha haihitaji kanda ili iishi. Wazigua waliochukuliwa utumwani hadi Somalia katika karne ya kumi na tisa walikitunza Kizigua kwa midomo tu. Wajukuu wao waliporudi wakiwa wakimbizi na kukaa Chogo, hapa hapa Handeni, walielewana na wenyeji, na wengi wamepewa uraia. Lakini wao walikuwa wakizungumza kila siku. Mpwa wangu hajui hata salamu.

Nilimwambia asiiweke katika deki. Kwenye ukingo wa utepe kuna ukungu mweupe kama unga, na ukungu huo ukipita kwenye kichwa cha deki huchafua kila kitu na utepe unaweza kukatika. Inapaswa ifunguliwe na fundi, isafishwe kwa mkono, kisha ichezwe mara moja tu huku ikihamishiwa kwenye kompyuta. Mafundi wanazidi kuadimika. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki hizi, iliacha mwaka 2016. Tunayo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na watumishi wa umma mnaosoma hapa mnaijua kuliko mimi. Niambieni ni ofisi gani ya wilaya ambayo mwananchi anaweza kuipelekea kanda yenye ukungu na kupokewa.

Shangazi alipoelewa kuna nini katika ile kanda, hakuuliza tena habari za dola. Aliuliza fundi anataka kiasi gani. Nilimtajia nilichoambiwa kwa simu, akasema ni ghali, afadhali tuuze ya tembo tuilipie ya bibi. Mpwa wangu ameitangaza. Hadi leo amepata mteja mmoja, mwenye ofa ya dola nane, na gharama ya kuituma inazidi hapo mara kadhaa. Ya simba iko mezani kwangu, ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Jumatatu ninampelekea fundi.