Imeharibika au Imeharibiwa?

Kwa miaka mingi nimefundisha kauli ya kutendeka kwa mifano ileile: kikombe kimevunjika, nguo imechanika, uzi umekatika. Wanafunzi huinakili, huikariri, hufaulu mtihani, kisha huisahau. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nikiiandika ubaoni, niliielewa barabara siku moja ya mwezi wa Machi, nikiwa nimepiga magoti kando ya trekta kuukuu shambani kwa mama yangu, nje kidogo ya mji wa Masindi, magharibi mwa Uganda.

Trekta hiyo ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya 1960. Marehemu baba aliinunua ikiwa tayari imetumika. Tangu atutoke, ndiyo inayomlisha mama: hulima shamba letu la mahindi, kisha huwalimia majirani kwa malipo. Mvua za kwanza zikishanyesha, kila siku ambayo plau haigusi udongo ni siku ya hasara.

Mama alinipigia simu usiku. “Mwanangu, trekta imekataa kuwaka,” aliniambia. Nilipofika kesho yake, hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa. Fundi aliyeitwa kutoka mjini alikuwa amesikiliza mara moja, akatikisa kichwa, akasema: “Stata imeunguzwa. Dereva ameushikilia ufunguo muda mrefu mno.” Mama alikuwa ameamua kwamba bei ya stata mpya itakatwa kidogo kidogo katika mshahara wa dereva.

Dereva wetu ni mzee kutoka Ituri, ng’ambo ya Ziwa Albert, aliyeikimbia vita na kuja kuishi nasi. Kiswahili chake ni cha kwao, kisichojishughulisha sana na ngeli. Nami, nakiri kwa aibu, nilikuwa na desturi ya kumsahihisha hata anaponisalimu. Asubuhi ile nilimuuliza bila kumwamkia: “Mzee, umeiharibu vipi?”

Alinitazama kwa kitambo. “Mwalimu, trekta imeharibika,” alijibu. “Hakuna mtu aliiharibu.”

Ulimi wangu ulikuwa tayari kumkumbusha kirejeshi: aliyeiharibu. Nikanyamaza, kwa kuwa sentensi yake ya kwanza ilikuwa imenisahihisha mimi. Katika imeharibika, kiambishi -ik- hutaja hali iliyokipata kitu, na mtenda hana nafasi, hatusemi “trekta imeharibika na dereva.” Katika imeharibiwa, kiambishi -iw- humwachia mtenda nafasi hata asipotajwa, na msikilizaji huanza kumtafuta. Imeunguzwa ni vivyo hivyo: kuungua ni jambo linalotokea, kuunguza ni jambo linalotendwa, na anayeunguza hudaiwa. Fundi alikuwa amechagua kauli kabla ya kupima kitu chochote.

Basi tukapima. Niliazima mita ya umeme kwa jirani anayefunga paneli za sola. Dereva alihakikisha kwamba gia iko nyutro, akafunga breki, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Nilipochukua bisibisi ili niunganishe vichwa vya stata moja kwa moja, kama nilivyowahi kuona watu wakifanya, alinishika mkono. Trekta ikiwaka kwa njia hiyo ilhali imo ndani ya gia, huondoka, na gurudumu la nyuma humpitia aliyesimama kando yake. Niliirudisha bisibisi sandukuni.

Dereva aliuzungusha ufunguo kwa nukta chache tu, kwani ni kweli kwamba stata ikilazimishwa kwa muda mrefu huungua. Tulisikia mlio mmoja mkavu, tak!, na taa zikafifia karibu kuzimika. Taa zikififia hivyo, mambo matatu yanawezekana: betri imechoka, stata imekwama na inafyonza umeme mwingi, au mahali fulani njia ya umeme ni mbovu. Betri ilipokuwa imetulia ilionyesha volti 12.5. Ufunguo ulipozungushwa, vichwa vya betri bado vilionyesha zaidi ya volti 12. Kwa hiyo betri ilikuwa na nguvu. Isitoshe, kama stata ingalikuwa imekwama, ingaliufyonza umeme hata volti za betri zikashuka sana, nazo hazikushuka. Ilibaki njia.

Tulianza na waya wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi kwenye stata. Hapakupotea kitu cha kutajwa. Kisha tuliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Dereva alipozungusha ufunguo, mita ilipanda ikapita volti 5, mahali ambapo haikupaswa kufika hata nusu volti. Umeme ulikuwa unaifikia stata, ila ulikosa njia nzuri ya kurudi.

Tuliufungua waya wa hasi, kwanza upande wa betri, kisha pale unapofungwa kwenye mwili wa trekta. Chini ya bolti palikuwa na kutu na udongo ulioshikamana kwa miaka. Mzee alisugua kwa msasa mpaka chuma kikang’aa, akakaza nati kwa spana, akapaka grisi juu yake. Alipopanda kitini na kuzungusha ufunguo, injini iliitika mara moja, na kuku wa mama wakatawanyika uani.

Mama alitoka jikoni akaja kumshika mzee mkono kwa mikono yake miwili. Habari ya kukata mshahara haikutajwa tena. Nami nikamwambia, “Shikamoo, Mzee. Nisamehe, nilikuuliza vibaya.” Alitabasamu. “Si kitu, Mwalimu. Plau inangoja.”

Ewe mwalimu mtarajiwa, utakapokuwa darasani, mwanafunzi ataandika “kitabu yangu.” Usiwe kama fundi yule, aliyesikiliza mara moja akaagiza stata mpya. Pima. Je, katika wingi huandika “vitabu vyangu” sawasawa? Je, husema “kitabu kimeanguka” bila kosa? Akisema hivyo, ngeli anaijua; kilichoharibika ni kiungo kimoja tu, pale panapokutana nomino na kivumishi kimilikishi, na kiungo kimoja husafishwa kwa mazoezi machache. Asipojua hata hayo, hapo ndipo utaanza naye mwanzo. Na kabla hujaandika kwa wino mwekundu kwamba lugha imeharibiwa, mtazame aliye mbele yako. Huenda naye, kama mzee wa Ituri, anakijua Kiswahili mahali ambapo wewe bado hujafika.