Sinema Moja ya Vita vya Angani

Nawasihi wanafunzi wangu, na wenzangu wanaofundisha, watenge dakika arobaini na kitu waitazame sinema iitwayo The Memphis Belle, iliyotolewa mwaka 1944. Mtengenezaji wake, William Wyler, alikuwa bingwa wa sinema za hadithi kule Hollywood. Vita vilipoifikia Marekani alivaa sare ya jeshi, akapanda na mashine zake za picha katika ndege kubwa za mabomu, B-17, zilizokuwa zikitoka Uingereza kwenda kuipiga Ujerumani mchana kweupe. Mwenzake mmoja katika kazi hiyo hakurudi.

Sinema za vita za zama zile aghalabu ni ngoma ya kujisifu. Hii nayo ina sifa zake, kwani ilitengenezwa na jeshi ili raia wasichoke na vita. Walakini ina jambo moja adimu: inawataja watu. Ndani ya ndege mna askari kumi, nao wanajulishwa kwetu kwa majina na kwa miji walikotoka, vijana watupu. Wanapaa juu mno, mahali ambapo mtu hawezi kuvuta pumzi pasipo mtungi wa hewa, na baridi yake yaweza kumnyang'anya vidole. Ndege ya jirani inapopigwa na kuanguka huku ikizunguka, wao wanahesabu miavuli inayofunguka. Kila mwavuli ni mtu mmoja. Wanahesabu, wananyamaza, wanangoja mwingine.

Hapa mwalimu wa lugha hana budi kusimama kidogo. Rubani, kwa watu wa Kilwa, alikuwa mtu wa bahari dahari nyingi kabla hajawa mtu wa angani; ndiye aliyeujua mlango wa bandari na miamba yake. Neno lake lilipanda juu pamoja na mitambo, na hata leo sidhani limepoteza harufu ya chumvi.

Msomaji wa Kilwa au Lindi aweza kuuliza, vita hivyo vyatuhusu nini? Vyatuhusu, maana pwani hii iliziona ndege za vita mapema. Mwishoni mwa mwaka 1914 Waingereza walitumia ndege ya majini kuitafuta manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji. Mwaka 1917 ndege zao ziliruka Kilwa na Lindi kuwapeleleza Wajerumani barani, ambako misitu iliwaficha watu vizuri zaidi kuliko handaki. Na tarehe 21 Novemba mwaka huo, Wajerumani walirusha kutoka Jamboli, Bulgaria, zepelini L59, merikebu ya hewani yenye tani 15 hivi za risasi, dawa na vifaa, ije hadi nyanda za Makonde kuliokoa jeshi lao. Amri ya kurudi iliikuta juu ya Sudan. Ilitua Jamboli ilikotoka, baada ya saa 95 hewani. Machi 1918 chombo hicho hicho kikautupia mji wa Naples mabomu yapatayo tani 6. Kilichokusudiwa kutuletea bandeji kikawa ndege ya mabomu.

Bibi yangu, mzaliwa wa Mingoyo, hakulijua jina la kikosi ambacho baba yake alikichukulia mizigo. Alijua tu kwamba baba huyo alitwaliwa wakati wa vita vya Mahiwa, Oktoba 1917, na hakurudi. Wapagazi waliokufa katika vita vile, wengi kwa maradhi na njaa, ni makumi ya maelfu. Hapana aliyewapiga picha mmoja mmoja na kutaja vijiji vyao.

Ndipo ninapogombana na Bwana Wyler. Mji wa Wilhelmshaven, anaouonyesha ukipigwa, una bandari na moshi. Wenyeji wake wanasemwa kwa jumla, kama taifa la adui. Aliye juu ana jina, aliye chini ana idadi. Sisemi haya kuwatetea wakuu wa Ujerumani ya wakati ule, ambao dhuluma yao haina mtetezi. Nasema kama mtu aliyelelewa na watu wa chini.

Jambo jingine lapasa kujulikana: picha zile zilipigwa katika safari mbalimbali zikaunganishwa kuwa safari moja, na mazungumzo ya askari mle ndani yalitiwa baadaye, maana mashine hazikunasa sauti. Kwa hiyo darasani huionyesha mara mbili, ya pili sauti ikiwa imezimwa. Mwaka jana mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa Nangurukuru, aliniomba nisimamishe picha pale mabomu yanapoangukia. Akainuka, akasogea karibu na ukuta, akawa anatafuta kwa kidole njia za watu kati ya nyumba.