Nyumbani Kusiwe Adhabu

Miongoni mwa maneno ambayo wazazi wa Kikongo waishio Ubelgiji huyatoa kwa wepesi pindi mtoto anapowashinda, sijui neno zito kuliko lile la kumwambia kwamba asipojirekebisha atarudishwa Kongo. Na mtoto aliyezaliwa Liège au Brussels, ambaye Lubumbashi anaijua kwa picha za simu na kwa sauti ya bibi yake tu, hujifunza tangu utotoni kuidhania nchi ya wazee wake kuwa ni gereza. Nimelisikia tishio hilo likitolewa kwa sababu ya alama mbaya za shule, kwa sababu ya sigara, kwa sababu ya jeuri ya kawaida ya umri wa miaka 14. Siku hizi nalisikia kwa sababu nyingine, ambayo ndiyo iliyonishikisha kalamu: mtoto aliyeandikwa mwanamume siku ya kuzaliwa kwake, naye akashikilia kwa miaka, pasi na kuyumba, kwamba yeye ni msichana, au yule aliyeandikwa mwanamke, na nafsi yake ikakataa kuitikia. Watu wa huku humwita mtoto wa namna hiyo transijenda. Kwetu Kenya (nisemapo Kenya nakusudia ile komini ya Lubumbashi yenye soko lake na vumbi lake, nilimozaliwa, wala si jamhuri ya mashariki) watu humzungumza kwa minong'ono, mlango ukiwa umefungwa.

Kabla ya kuzipima nyumba hizi mbili, ya Ubelgiji na ya Lubumbashi, yafaa tujue mtoto tunayemzungumza ni yupi. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya maradhi, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, liliiondoa hali hii katika safu ya magonjwa ya akili. Na lilipofika kwenye habari za watoto liliweka masharti ambayo natamani kila mzazi ayajue, kwamba kutolingana huko kwa nafsi na jinsi aliyoandikiwa kuwe kumedhihirika kwa muda wa miaka 2 hivi, na kwamba michezo na mavazi anayoyapenda mtoto, peke yake, si hoja. Mvulana apendaye kusonga bukari na kupika sombe hajawa msichana kwa mapenzi hayo. Babu zetu wangapi walipika, wakafua na kupiga pasi katika nyumba za Wazungu wa Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kisha jioni wakarejea kwa wake zao wakiwa waume wenye heshima zao kamili? Wala msichana apendaye mpira hajawa mvulana: wanawake wa TP Mazembe waliutwaa mwaka 2024 ubingwa wa Afrika wa vilabu vya wanawake, nao ni wanawake, tena fahari yetu. Ninayemzungumza mimi ni mtoto mwingine, ambaye hasemi "napenda" bali husema "mimi ni", akalisema mwaka huu na mwaka ujao, mbele ya anayemcheka na mbele ya anayempiga, hata mzazi mwenye kusikiliza akatambua kwamba hapa hapana mchezo.

Wako watakaoniambia kwamba hizi ni habari za Wazungu, na kwamba desturi za wazee wetu hazikuzijua. Nawajibu kwa adabu kwamba desturi hizo nazo zina tarehe zake. Mengi tuyaitayo leo mila kuhusu kazi ya mke na kazi ya mume yalipangwa katika kambi za Union Minière, ile kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ambayo baadaye, ilipoona faida ya mfanyakazi kukaa na jamaa yake, ilijenga nyumba na shule, na ikafungua mahali pa kuwafundisha wanawake kushona, kupika na kutunza nyumba kwa namna walivyopenda wamisionari na mabwana wa kampuni. Na wazee waliokuwapo kabla ya kampuni walikuwa na fikra pana kuliko tunavyowadhania. Kwa Waluba, ambao wajukuu wao wamejaa katika mitaa ya Lubumbashi, mfalme alipofariki roho yake iliaminiwa kuingia katika mwanamke aliyeitwa Mwadi, naye akakaa katika kao la marehemu, akashika alama za ufalme wake na kuheshimiwa kama yeye mwenyewe. Sidai kwamba Mwadi alikuwa transijenda, maana ni kosa kuwavika wafu majina ya zama zetu. Nasema tu kwamba taifa lililoweza kuinama mbele ya mwanamke aliye mfalme haliwezi kusingiziwa kuwa halikupata kufikiri juu ya nafsi na mwili.

Ubelgiji nayo isijitukuze mno. Sheria yake ya mwaka 2007 ilimtaka mtu apasuliwe mwili na kuondolewa uwezo wa kuzaa kabla ya serikali kuikubali jinsia yake, na sharti hilo lilidumu hadi sheria mpya ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Kwa sheria hii mpya mtoto wa miaka 12 aweza kubadili jina lake la kwanza akisaidiwa na wazazi wake, na wa miaka 16 aweza, kwa msaada wa wazazi na kwa cheti cha daktari wa akili wa watoto kinachoshuhudia kwamba anafahamu alitendalo, kubadili jinsi aliyoandikiwa katika daftari la serikali. Mwezi wa Oktoba 2020 Petra De Sutter, tabibu wa wanawake na profesa wa Ghent, ambaye mwenyewe ni mwanamke transijenda, akawa Naibu Waziri Mkuu, na watu wakaendelea na shughuli zao. Hayo ni mema, na mzazi atokaye kwetu ayatumie bila haya. Katika mji huohuo wa Ghent hospitali ya chuo kikuu ina matabibu waliobobea katika mambo haya, ingawa foleni ya kuwafikia ni ndefu.

Lakini nimekaa huku muda wa kutosha kujua kile ambacho sheria haiwezi kukileta. Mtoto wa Kikongo wa Liège, akitoka kwa daktari aliyemsikiliza kwa upole, hurudi katika nyumba yenye watu wawili au watatu, ambamo mama yuko kazini usiku na baba, akiwapo, amenyamaza tangu siku alipoambiwa. Hana shangazi wa kumkimbilia mlango wa pili, hana mjomba wa kumwambia baba yake "huyu ni mwana wetu sote, si wako peke yako", hana binamu kumi wa kumzoea hivyo alivyo kwa sababu tu hulala naye kwenye mkeka mmoja. Kule Kenya, kwa uzuri na kwa ubaya, hakuna mtoto wa mtu mmoja.

Na ubaya upo, siuvungi. Dada yangu, ambaye mwanawe ni mtoto wa namna hiyo, alinipigia simu akilia: "Yaya, nimechoka. Nitamupeleka kwa mama mu Kenya, kule watamunyoosha." Nilimuuliza ni nani hasa atakayemnyoosha, na kwa fimbo gani, hakujibu, kwa kuwa sote wawili tulijua. Lubumbashi, kama Kinshasa na Mbuji-Mayi, ina makanisa ya uani ambamo mtoto aliye tofauti, awe kigugumizi, awe mwenye kifafa, awe yatima aliyekaidi, hutangazwa kuwa mchawi, hufungishwa bila chakula kwa siku kadhaa na kuombewa kwa makofi. Sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeuharimisha usingiziaji huo na kuuwekea kifungo. Hata hivyo wengi kati ya wale watoto wa barabarani tuwaitao shege, ambao mapadre wa Don Bosco huwapokea katika nyumba zao za Bakanja, waliingia barabarani kwa mlango huo. Kumpeleka huko mtoto wa miaka 13, asiyekijua vema Kiswahili cha mtaa, asiye na njia ya kupiga simu, aliyekwisha kuambiwa na mama yake mzazi kwamba ana kasoro ya kunyooshwa, ni kumtupa, hata kama ametupwa kwa tiketi ya ndege.

Nilimpigia mama yetu kule Kenya. Kwanza aliuliza kama mtoto ni mgonjwa, kisha akauliza kama kuna mtu aliyemroga, kisha akanyamaza kitambo nikadhani simu imekatika. Mwisho akasema: "Mutoto wangu asiletwe huku ya kupigwa. Kama munamuleta, mumulete anisalimie." Siku zilizofuata aliendelea kumtaja mjukuu wake kwa jina la zamani alipozungumza na mimi, na kwa jina jipya alipozungumza na mtoto mwenyewe. Sikumsahihisha. Bibi wa umri ule aliyeweza kufika hapo kwa mwezi mmoja amekwenda safari ndefu kuliko zangu zote.

Tena si ajabu kwamba aliliweza jina, maana watu wa rika lake wamezoea. Mji wao uliitwa Elisabethville, mwaka 1966 ukaitwa Lubumbashi. Katanga, jimbo letu, ikawa Shaba, ikarudi kuwa Katanga mwaka 1997, ikagawanywa mwaka 2015 na sehemu yetu ikawa Haut-Katanga. Mwaka 1972 Mobutu aliamuru kila raia aache jina la ubatizo, akaanza na la kwake mwenyewe. Walimu wakaandika upya madaftari ya darasa, waume wakajifunza kuwaita wake zao upya, na waliokosea walirekebishwa wakaendelea. Amri ile ilikuwa ya jabari na wengi iliwaumiza, tena walipopata nafasi waliyarejea majina yao; ninalolishika katika habari hiyo ni kwamba watu wetu waliweza. Nani basi atasema kwamba hatuwezi kulibadili jina la mtoto mmoja aliyeliomba mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu? Mbele ya sheria pia mlango haukufungwa wote: Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 humruhusu mtu kubadili jina mbele ya mahakama ya amani akiwa na sababu ya haki, ijapokuwa jinsi iliyoandikwa ni habari nyingine. Na katika ile Kenya ya mashariki, mwezi wa Oktoba 2014, Mahakama Kuu ya Nairobi ililiamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua cheti cha shule chenye jina lake analolitumia, kisicho na alama ya jinsi.

Jina si jambo dogo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 juu ya vijana 129 transijenda wa miji mitatu ya Marekani uliuliza jambo jepesi tu, kama jina walilolichagua linatumiwa nyumbani, shuleni, kazini na kwa marafiki. Ikaonekana kwamba kadiri jina hilo lilivyotumiwa mahali pengi, ndivyo huzuni na fikra za kujiua zilivyopungua. Uchunguzi mwingine, wa Kristina Olson na wenzake, uliwafuata watoto 317 ambao jamaa zao waliwakubalia jina, mavazi na namna ya kuishi; baada ya takriban miaka 5, asilimia 94 walikuwa bado wanajitambua kuwa transijenda, na asilimia 2.5 walikuwa wamerudia jinsi waliyozaliwa nayo. Hao wachache nao hawakufungiwa njia ya kurudi, kwa kuwa nywele hukua na jina hurudishwa.

Hapa niseme jambo moja kwa wale wanaoogopa kisu na sindano. Kwa mtoto ambaye hajabaleghe hakuna dawa wala upasuaji. Tiba yote ni kusikilizwa na kuheshimiwa. Mabishano ya matabibu huanza baadaye, juu ya dawa za kuchelewesha baleghe: Uingereza iliacha mwezi wa Machi 2024 kuzitoa kama tiba ya kawaida, na mwezi uliofuata daktari Hilary Cass akatoa taarifa yake iliyosema kwamba ushahidi wa manufaa yake ni dhaifu, na matabibu wa nchi nyingine wakampinga. Mzazi ana haki ya kuuliza maswali hayo, na kuyauliza polepole, mbele ya daktari. Hana haki ya kuyafanya kisingizio cha kumpiga mtoto wa miaka 8 kwa sababu ya gauni.

Dada yangu sasa anafikiria kumpeleka mtoto kwa likizo, si kwa kunyooshwa, na ameniuliza nini kitangulie. Nimemwambia aanze na karatasi: jina libadilishwe kwenye ofisi ya mji wao kabla ya kuomba pasipoti, na kwa kuwa jinsi itabaki ile ya zamani hadi miaka 16, mtu mzima wa jamaa asafiri naye na asimame naye kwenye uwanja wa ndege wa Luano, asiachwe peke yake mbele ya ofisa. Kisha achaguliwe mzee mmoja wa nyumbani ambaye neno lake halipingwi, aambiwe yote mapema, na wengine waambiwe naye kwa kadiri atakavyoona. Mtaa mzima hauna haja ya kujua. Tiketi ya kurudi ishikwe na mtoto mwenyewe, pamoja na simu yenye salio. Kanisa la jirani lisihusishwe, hata likija kwa jina la salamu. Na mtoto aulizwe kwanza kama anataka kwenda. Akisema mwaka huu hataki, na akae Liège, bibi yake atamngoja.