Bango la Matinyani na Staha ya Mwenyeji

Juma hili twapenda kuzungumza na wazazi, na hasa akina mama, juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu kwa mlango wa shule. Mtaala wa umilisi umeifanya huduma kwa jamii kuwa sehemu ya masomo. Mwanafunzi huenda kujitolea mahali, na akirudi hutakiwa atengeneze bango la kidijitali na kusimama mbele ya wenzake aeleze alichokifanya. Kujitolea ni ibada kwa mwenye nia njema. Kukieleza kitendo ndiko kwenye mtihani.

Binti mmoja wa darasa letu la jioni alikwenda Matinyani, Kitui Magharibi, katika likizo ya Agosti. Yeye na wenzake walipita njia ya Kibwezi na Mutomo, na kazi waliyopewa ilikuwa kubeba mawe katika ujenzi wa bwawa la mchanga. Kwa sisi wa pwani, jina hilo lahitaji maelezo. Mito mingi ya Ukambani ni ya msimu: hufurika mvua zinaponyesha, kisha hubaki mchanga mtupu. Wenyeji hujenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba, kukingama mto. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha baina ya chembe zake, mahali ambapo jua haliyafikii upesi wala mbu hawapati pa kuzalia. Tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL pamoja na vikundi vya wanakijiji wamejenga mamia ya mabwawa ya namna hiyo Kitui. Mikono inayoyajenga ni ya mwethya, yaani vikundi vya Wakamba vya kufanya kazi kwa ushirika, na wengi wao ni wanawake.

Binti alitujia na simu yake ili tumsahihishie Kiswahili cha bango. Katikati aliweka picha ya bibi mmoja aliyepiga magoti ndani ya shimo mtoni, nguo zake zimechakaa, akichota maji kwa kikombe cha plastiki. Kando yake walisimama watoto wawili wa kijiji, miguu mitupu. Juu paliandikwa kwa herufi kubwa: "Tulikwenda kuwapa matumaini." Chini walionekana wanafunzi saba wakicheka.

Kiswahili chake hakikuwa na kasoro. Basi tukamwuliza mambo matatu: huyu bibi anaitwa nani? Je, anajua kwamba picha yake iko hapa? Na ukuta ule umejengwa na nani? La kwanza hakulijua. La pili alilinyamazia. La tatu alijibu, "Sisi, Maalim," kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "na wao."

Mama yake, aliyekuwapo, akasema kwa adabu, "Lakini Sheikh, picha isipogusa moyo, nani atakayechanga? Wenzake wote wameweka za namna hii."

Neno la mama huyo si la kupuuzwa. Maji yahitaji saruji, na saruji yahitaji fedha. Wala dini haikukataza wema kuonekana. Katika Suratul Baqara, aya ya 271, sadaka ya dhahiri imesifiwa, na ile ya siri kwa mafakiri ikatajwa kuwa bora zaidi. Lakini katika sura hiyo hiyo, aya ya 264, twaonywa tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Tukamweleza kwamba masimbulizi si ya ulimi peke yake. Picha nayo yaweza kusimbulia, na yenyewe haichoki: humsimbulia mtu kila inapofunguliwa, hata miaka kumi baada ya mawe kubebwa.

Tukampa mfano wa karibu. Lau mgeni angeingia nyumbani kwake siku ya dhiki, akamkuta jikoni hana buibui wala mtandio, akampiga picha na kuisambaza kwa watu asiowajua ili wamwonee huruma, je, angeuita huo wema? Mama akavuta mtandio wake mbele, akasema, "Hapana, Sheikh. Hilo nisingeliridhia."

Na sheria ya nchi nayo ina neno. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, taarifa za mtoto, na picha yake ikiwamo, zahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Mnamo Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ya idhini hiyo. Watoto wawili wa mtoni wana wazazi kama walivyo na wazazi watoto wetu.

Binti alimpigia simu mwalimu aliyewapokea Matinyani, naye akalipeleka jambo lenyewe kwa bibi. Jibu lilikuja siku ya tatu. Kumbe bibi ni mweka hazina wa kikundi chake. Yeye ndiye aliyekuwa akihesabu mifuko ya saruji, na mawe wale wanawake walikuwa wameyakusanya kwa miezi kabla ya wageni kufika. Picha ya magotini hakuitaka. Alitaka wapigwe wote pamoja, wamesimama ukutani, na jina la kikundi chao liandikwe.

Bango likatengenezwa upya. Wanawake wamesimama juu ya ukuta, vitenge vyao safi, kando pana mchoro wa mto, mchanga na maji yaliyojificha, na kichwa chasema: "Tuliyojifunza kwa mwethya wa Matinyani." Maelezo yake ya darasani aliyapunguza yakawa slaidi tano, kila moja na jambo moja, kwa herufi zinazosomeka kutoka kiti cha nyuma. Slaidi ya mwisho ilikuwa na sentensi moja: "Sisi tulibeba mawe siku tatu, wao wamebeba miezi." Mchango wa darasa haukuzidi wa wengine. Lakini wanafunzi waliuliza ukuta husimamaje mbele ya mafuriko, na maji huchotwaje mchangani, wala hapana aliyesema "masikini wee."

Enyi akina mama, nyinyi ndio wa kwanza kuonyeshwa mabango haya, na mara nyingi ndio wa kwanza kuyapeleka kwa jamaa kwa furaha ya uzazi. Furaha hiyo ni haki yenu. Twawaomba tu kabla ya kuyapeleka mumwulize mtoto: aliye katika picha ni nani, ameridhia, na kazi ilikuwa ya nani? Akiweza kujibu yote matatu, mpelekeeni mumtakaye. Asipoweza, kazi yake ya kujitolea bado haijaisha.

Mwenyezi Mungu azitakase nia za watoto wetu, awape wenyeji wa Matinyani mvua yenye kheri, na atukinge sote na riya. Amin. Wabillahi tawfiq.