Mkono Unaolipa

Mzee alizikwa Kinondoni, Jumatano, baada ya sala ya alasiri. Habari za msiba nilizipata kwenye simu, katika kundi la WhatsApp la wastaafu wa gazeti letu: picha yake moja, saa ya mazishi na namba ya kutumia rambirambi. Dakika chache baadaye, chini ya picha ile ile, mtu akaweka bei ya vifaranga wa kuku wa kisasa. Nililia kwa hasira kabla sijalia kwa huzuni. Mtu aliyepanga tanzia za watu wa nchi hii kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa rula, sentimita kwa sentimita, alikuwa anaondoka duniani bila hata kijisanduku kimoja gazetini.

Mimi nilizaliwa Korogwe mwaka 1955, baba yangu akiwa karani wa shamba la mkonge. Jioni alikuwa akisoma gazeti la Ngurumo barazani kwa sauti, na wakata mkonge wakikaa chini kumsikiliza. Nakala moja, watu ishirini. Wengi wao hawakujua hata kuandika majina yao, lakini kesho yake ungewasikia wakibishana juu ya habari za Dar es Salaam kama watu waliozaliwa Ilala. Picha hiyo haijanitoka, na ndiyo iliyonigombanisha na Mzee miaka yote. Nikasoma Tanga, nikapita Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1978 nikaajiriwa katika idara ya matangazo ya gazeti moja jijini Dar es Salaam.

Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo Mzee," akaitikia bila kuinua macho. Alikuwa anapima tangazo lililokwisha chapwa tangu jana yake. Nikadhani anapoteza muda. "Njoo uone," akasema. "Huyu amelipia safu tatu kwa sentimita ishirini. Sitini. Sisi tumempa kumi na tisa na nusu kwenda chini. Hizo ngapi?" Nikapiga hesabu: hamsini na nane na nusu. "Basi tuna deni lake la sentimita moja na nusu." Akaandika barua ya kumrudishia mteja fedha ambazo mteja mwenyewe hakujua kama anadai.

Kazi yake kubwa ilikuwa dami, ile karatasi yenye ukubwa wa ukurasa ambamo gazeti zima huchorwa kabla halijapangwa. Msomaji huamini kwamba habari ndizo hukaa kwanza, kisha matangazo yakapenyezwa palipobaki. Ni kinyume. Matangazo hutangulia, yakipanda kama ngazi kutoka chini, na shimo linalobaki ndilo hupewa mhariri. Sababu ni chungu lakini ni ya kweli: gazeti huuzwa kwa bei isiyofikia gharama ya karatasi, wino na mafuta ya gari la kulisambaza. Anayelifidia ni mwenye tangazo. Wahariri walimchukia Mzee kwa hilo, na hao hao ndio waliomkimbilia hesabu zilipokataa.

Lakini alijua pia kulitoa tangazo. Usiku wa siku ilipozama meli ya MV Bukoba, Mei 21, 1996, tulikuwa na ukurasa mzima wa bia, vijana wanacheka na chupa mkononi, ukitazamana na ukurasa wa habari za ajali. Mzee aliung'oa peke yake, bila ruhusa ya mtu, akampigia mteja saa nne usiku kumweleza. Mteja alimshukuru. Hakuna mtambo utakaofanya hivyo. Juzi nimesoma kwenye simu habari ya basi lililoua watu, na katikati ya aya kulikuwa na tangazo la tiketi za mabasi.

Nimetangulia mbele mno. Turudi miaka ya themanini, maana vijana hawaamini ninapowaambia kwamba niliuza matangazo katika nchi isiyokuwa na bidhaa. Baada ya vita ya Kagera maduka yalikuwa na rafu tupu. Sabuni, sukari na dawa ya meno vilitafutwa kwa foleni. Nani atatangaza sabuni ambayo watu wanapigania mlangoni? Tukaishi kwa zabuni za mashirika ya umma, pongezi za Saba Saba na za tarehe 9 Desemba, matangazo ya watu waliopotelewa na hati za viwanja, na tanzia. Karatasi yenyewe ilikuwa adimu, kurasa zikapunguzwa, na kila sentimita ikawa na mgombea wake. Tanzia ndizo zilizonifundisha kazi. Mtu anakuja dirishani na picha ndogo ya pasipoti, mkono unatetemeka, na wewe unamhesabia maneno. Mzee alinikataza kumharakisha mfiwa, hata kama mtambo unasubiri.

Kisha ikaja ruksa ya Rais Mwinyi. Magazeti ya watu binafsi yakaanza kuota mwishoni mwa muongo ule, vyama vingi vikarudi mwaka 1992, televisheni ikaanza bara mwaka 1994, na mwaka huo huo Mobitel ikaleta simu za mkononi. Bia, soda, simu, benki: wote walitaka ukurasa, na walitaka rangi. Mimi na Mzee tukahamia gazeti moja la binafsi. Hapo ndipo ulipoanza ugomvi ninaoendelea nao mpaka leo.

Gazeti lina hesabu tatu, na mwenye nia mbaya huzichanganya kwa makusudi. Kuna nakala zilizochapwa. Kuna zilizosambazwa. Na kuna zilizouzwa, yaani zile za pili ukitoa zilizorudi. Mzee alitambua ya tatu peke yake. Alipenda kunikumbusha kwamba Wamarekani waliunda chombo cha kukagua mauzo ya magazeti mwaka 1914 na Waingereza mwaka 1931, kwa sababu wenye matangazo walichoka kudanganywa na wachapaji. Kila jioni alishuka mwenyewe Mnazi Mmoja na Kariakoo kuhesabu nakala zilizobaki kwa wauzaji, na kila jioni nilimfuata na daftari.

Mimi nilikuwa na hesabu ya nne: macho. Kinyozi ananunua gazeti moja na wateja wake wote wanalipitia mpaka jioni. Ofisini linaanzia kwa bosi na kuishia kwa mlinzi. Pale Posta watu wanajipanga mbele ya meza ya muuzaji wakisoma vichwa vya habari, mikono nyuma, na wengine husoma mpaka chini ya mkunjo. Nilimwambia Mzee kwamba hao ni wasomaji, na kuwaacha nje ni kujipunja. Alinijibu kwa neno moja ambalo baadaye lilikuwa kama wimbo wake: "Msomaji ni mkono unaolipa." Nikamkumbusha baraza la baba yangu. Akasema, "Baba yako alilipa. Muuzie mwenye sabuni baba yako. Hao ishirini wape zawadi, usiwapangie bei."

Mwaka 1998 mkurugenzi alituita. Alitaka kadi mpya ya bei ioneshe idadi ya nakala zilizochapwa, iitwe mauzo, kisha izidishwe mara kumi, iitwe wasomaji. Mzee alikataa palepale, kwa adabu, akiwa amesimama. Mimi nilikaa kimya. Ile mara kumi ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeiandika kwenye waraka wa kurasa mbili nikieleza habari za vinyozi na walinzi. Waraka ule ulikuwa mezani mbele ya mkurugenzi. Wiki iliyofuata Mzee alihamishiwa stoo ya magazeti ya zamani, na mimi nikakalia kiti chake. Kadi niliiandika mimi, kwa mkono wangu.

Miezi mitano baadaye mwakilishi wa kampuni moja ya sabuni, mama mmoja mtulivu sana, alitaka mkataba wa mwaka mzima. Kabla ya kutia saini alifanya jambo ambalo hakuna mteja wetu aliyewahi kulifanya. Alfajiri ya saa kumi na moja alikwenda mahali wauzaji wanapogawiana mafurushi, akahesabu. Jioni akapita tena kwenye meza zao. Alifanya hivyo siku tatu. Kisha akaja ofisini, akaweka karatasi yake mezani, akaniambia: "Kaka, mimi nisingekukatalia kwa udogo wa hesabu yako. Nakukatalia kwa sababu umeniongopea." Nilishuka stoo kumweleza Mzee. Hakunisuta. Akaniuliza tu kama yule mama alihesabu na zilizobaki.

Yule mkurugenzi alistaafu kwa heshima, kwa hafla na hotuba. Mzee aliagwa kwa soda.

Sasa vijana wangu wa mtandaoni, mnisikilize, maana mnayarudia yale yale mkidhani mmeyabuni. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 nilikuwa wa kwanza kufurahi. Niliona macho yangu yamepata mizani: hatimaye mtu anaweza kuhesabu kila aliyefungua ukurasa. Nikaja kugundua kinachohesabiwa. Mwaka 2014 wakubwa wa biashara hii Marekani walikubaliana kwamba tangazo la picha limeonekana kama nusu yake imetokea kwenye kioo kwa sekunde moja. Nusu ya tangazo, sekunde moja! Kidole kinachoteleza kikitafuta matokeo ya Simba na Yanga kinaandikwa kuwa msomaji. Na wakati mwingine hata kidole hakuna, ni programu inayojifanya mtu. Mnasimama mbele ya mteja na namba za kutisha za wafuasi, naye anatikisa kichwa, na shilingi inayofika kwenu ni ndogo, kwa sababu Google na Facebook wamekwisha kaa katikati na kumuuzia macho hayo hayo kwa bei ya mnada.

Hasara haikutokea huku peke yake. Kwa makadirio ya kituo cha utafiti cha Pew, magazeti ya Marekani yalipata dola bilioni 49 hivi za matangazo mwaka 2005. Mwaka 2020 zilikuwa zimebaki bilioni 9 hivi, na kwa mara ya kwanza fedha za wasomaji zikazidi za matangazo. Niliposoma hilo nilimpigia Mzee simu. Alikuwa amezeeka, sauti imekauka, lakini alicheka kwa furaha kabisa. "Mkono," akasema. "Umerudi ule mkono." Huku kwetu zabuni za serikali zimehamia mtandaoni, kwenye mfumo wa NeST, ajira ziko kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, na tanzia ziko WhatsApp pamoja na vifaranga. Kinachoniuma ni kuona wahariri wakikimbilia vichwa vya habari vya kuchokoza ili kidole kisimame sekunde moja. Mwenye kulipia gazeti hakulipa ili achokozwe. Mhesabuni kwanza yeye, mjue jina lake na sababu iliyomfanya atoe mia yake, ndipo muende kwa mteja.

Na hata hivyo, Mzee wangu, bado nakubishia. Baraza la Korogwe lilikuwepo.

Baada ya mazishi nilikwenda kwenye gazeti letu la zamani. Dirisha la tanzia limezibwa kwa ubao, limegeuzwa mahali pa kuwekea pikipiki. Binti mmoja wa mapokezi, mwenye heshima zake, alinipandisha juu, nikaketi mezani nikachora mwenyewe: safu mbili kwa sentimita kumi, picha kushoto, jina, miaka, neno moja la shukrani. Ishirini kamili. Nililipa bei yote, nikakataa punguzo.

Ilipotoka nilikwenda Posta alfajiri na rula mfukoni. Nilipima. Ilikuwa kumi kasoro kidogo, milimita mbili hivi, na nikawapigia simu kuwaambia. Kisha nikakaa kwenye benchi karibu na meza ya muuzaji mpaka jua lilipozama. Alikuwa ameletewa nakala ishirini za gazeti lile. Jioni nikahesabu naye zilizobaki, nikafungua daftari na kuandika kama nilivyofundishwa: zilizouzwa 11, zilizorudi 9. Mmoja wa waliosimama aliomba kufunua ndani, akasoma tanzia mpaka mwisho, akaipiga picha kwa simu, akaondoka bila kununua. Chini ya hesabu ya Mzee nikaongeza mstari wangu: waliosoma wakiwa wamesimama, 34.