Kupanda Dungu Delta ya Rufiji

Kutoka Kibiti tuliteremka hadi Nyamisati, tukapanda boti kupita katikati ya mikoko. Mashambani yamesimama madungu, vibanda juu ya nguzo, ambamo familia huhamia msimu wa mpunga ili kuulinda na ndege na nguruwe. Salamu zetu zilipoitikiwa, mwenyeji alituruhusu kupanda, mmoja mmoja. Kwanza alikitikisa kila kipandio, kwani kamba iliyooza hufichwa na tope. Mikono yote miwili ngazini. Mizigo ilivutwa kwa kamba. (Sisi wa mjini hupanda maghorofa bila hata kuzitazama ngazi.) Watoto wake hulala katikati, mbali na ukingo. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 amelijenga upya, refu kuliko la kwanza.