Dawa Haikutiwa Maji

Mara nyingi husikiwa madukani lawama ya namna moja. Mkulima amenunua dawa ya kuulia wadudu, ameinyunyiza kama alivyozoea, na wadudu hawakufa. Hurudi kwa hasira akamwambia mwenye duka kwamba dawa imetiwa maji. Labda ni kweli, maana wadanganyifu hawakosi duniani. Lakini mara nyingine mwenye duka hana kosa lolote. Dawa ni ile ile. Waliobadilika ni wadudu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1914 mtaalamu wa Marekani aitwaye Melander aliuliza katika maandishi yake kama wadudu waweza kuwa sugu mbele ya dawa. Katika mashamba ya matunda ya jimbo la Washington alikuwa ameona wadudu wadogo wenye magamba wakiendelea kuishi, ingawa walipigwa sawasawa kwa dawa ya chokaa na kiberiti. Baadaye ikaja DDT, ambayo nguvu yake juu ya wadudu iligunduliwa na Paul Müller wa Uswisi mwaka 1939, naye akapewa Zawadi ya Nobel mwaka 1948. Watu walidhani vita vimekwisha. Kumbe hata kabla ya zawadi hiyo kutolewa, nzi wa nyumbani huko Ulaya walikuwa wameanza kuistahimili.

Wengi hufikiri kwamba mdudu huzoea dawa kama mtu azoeavyo tumbako. Sivyo. Katika maelfu ya wadudu huwamo wachache waliozaliwa na tofauti ndogo mwilini. Dawa ikipigwa, wenzao hufa, hao hubaki, nao huzaa watoto wa namna yao. Vizazi vingi vya mbu hupita katika mwaka mmoja, na haba na haba hujaza kibaba. Dawa haimfundishi mdudu usugu, humchagulia wazazi.

Wenyeji wa Kenya wana sababu ya pekee ya kulifahamu jambo hili. Maua ya pareto ya Molo, Kinangop na Kisii yalijulikana ulimwenguni kwa kuangusha wadudu upesi. Ila dawa yake huharibiwa na mwanga wa jua. Kwa hiyo Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, walitafuta dawa ya kufanana nayo itakayostahimili jua, na mwaka 1973 wakatangaza perimethrini. Dawa za ukoo huo ndizo zilizotiwa katika vyandarua, navyo vimeokoa maisha ya watoto wengi. Lakini dawa hizo, pamoja na DDT, hupiga mahali pamoja katika mishipa ya fahamu ya mdudu. Aliyezaliwa na badiliko mahali hapo huweza kuzistahimili zote. Mwaka 2000 wataalamu walieleza badiliko la namna hiyo katika mbu wa magharibi ya Kenya.

Hapo ndipo shamba na kitanda cha mtoto hukutana. Dawa inayomwagwa ovyo katika mboga hutiririka hadi madimbwini ambamo mbu huzaliana, na huko nako huchagua wazazi. Ni kweli kwamba mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vyenye kitu cha pili, kinachouzuia mwili wa mbu usiivunje dawa. Tena chandarua kizima humzuia mbu hata dawa ikipungua nguvu, kwa hiyo asiwepo mzazi wa kukiacha. Lakini hakuna dawa mpya itakayodumu ikiwa itatumiwa kama zilivyotumiwa za zamani.

Yafaa basi dawa ipigwe pale tu wadudu wanapoonekana kuleta hasara, kwa kipimo kilichoandikwa, na msimu ufuatao itumiwe ya ukoo mwingine. Kubadili jina hakutoshi, maana majina mengi ya dukani huwa ya ukoo mmoja. Kuongeza kipimo nako hakuponyi; huua wanyonge waliosalia na kuwaachia shamba walio sugu kabisa.

Kwa hiyo mkulima arudipo dukani, aweke hasira kando. Asiulize ni dawa ipi iliyo kali kuliko zote, bali aulize ile aliyoitumia mwaka jana ni ya ukoo gani.